Lita ya Mafuta Si Mpagazi wa Milele

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya watumishi wa serikali na walimu mjini Tabora.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya fedha za barabara. Najua kwamba jambo hili si tamu masikioni. Mtu akisikia neno kodi huanza kutazama mlango. Lakini nawaomba mnivumilie, kwa sababu mji huu wa Tabora unaijua habari ninayotaka kuieleza kuliko mji mwingine wowote katika nchi yetu. Hapa ndipo njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Ugogo ilipopumzika, ikagawanyika, tawi moja likaelekea Ujiji na jingine likaelekea kaskazini kwenye nchi za Ziwa. Miembe mikubwa ya mji huu ni ushahidi wa miguu iliyopita hapa. Na palipopita miguu mingi hapakukosa mtu wa kudai malipo ya njia.

Swali langu la leo ni jepesi kulitamka na gumu kulijibu. Kwa miaka mingi tumezitengeneza barabara zetu kwa fedha inayotokana na mafuta ya petroli na dizeli. Sasa vyombo vya usafiri vinaanza kuyaacha mafuta hayo na kuhamia kwenye umeme na gesi asilia. Je, petroli ikipungua, barabara itatengenezwa na nani?

HONGO YA JANA

Tuanze na historia, kwa kuwa asiyejua alikotoka hajui aendako. Katika karne ya 19, msafara uliopita katika nchi ya mtawala ulilipa hongo. Siku hizi neno hili lina harufu mbaya ya rushwa, lakini zamani hizo lilikuwa na maana ya ushuru wa njia. Ulilipwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya. Watawala wa Ugogo walisifika kwa kudai hongo nzito, na sababu yao ilieleweka: nchi ile ni kavu, wao ndio waliovishika visima, na msafara wa mamia ya watu haupiti bila maji.

Hapa Unyanyembe lilitokea jambo ambalo kila mtunga sera angefaa alikumbuke. Mtemi Mnywa Sere, aliyetawala baada ya Fundikira, aliamua kutoza kodi bidhaa za wafanyabiashara Waarabu waliokaa hapa. Wafanyabiashara walikataa. Ugomvi ukawa vita, Mnywa Sere akaondolewa katika utemi, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Baadaye, mwaka 1871, Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji, hata Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone akalazimika kuzunguka kwa upande wa kusini. Vita vile vilikuwa na sababu nyingi, lakini katika kiini chake lilikuwamo swali hili hili: nani mwenye njia, na nani amlipe nani?

Mfumo ule wote wa hongo ulikufa. Wakoloni wa Kijerumani waliwavunja nguvu watawala. Mtemi Isike alijiua kishujaa katika boma lake Januari 1893 kuliko kuangukia mikononi mwao. Mwaka 1898 wakaleta kodi ya nyumba. Kisha likaja pigo la mwisho, nalo halikutokana na bunduki. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Mzigo uliobebwa na mpagazi kwa miezi mitatu ukapita kwa siku chache. Mpagazi wa Kinyamwezi, aliyesifika pwani na bara kwa nguvu na uaminifu wake, akakosa mzigo wa kubeba. Wengi wakaenda kutafuta kibarua katika mashamba ya mkonge.

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Ushuru hukaa juu ya chombo fulani cha usafiri. Chombo kile kikibadilika, ushuru ule hufa, hata kama sheria yake bado imeandikwa kwenye daftari.

MZIGO ALIOUBEBA LITA

Sasa tutazame hali yetu wenyewe. Mpagazi wa leo ni lita ya mafuta. Sheria ya tozo za barabara na mafuta ilitungwa mwaka 1985, na marekebisho ya mwaka 1998 yakaunda Mfuko wa Barabara na Bodi yake. Kila anayenunua petroli au dizeli huchangia mfuko huo bila kupanga foleni na bila kujaza fomu. Mfumo huu ulikuwa wa busara. Mwenye kutembea sana alinunua mafuta mengi, akalipa zaidi. Mwenye lori zito alichoma dizeli nyingi, akalipa zaidi. Gharama ya kukusanya ilikuwa ndogo, kwa kuwa mafuta yetu yote huagizwa kutoka nje na huingia kupitia milango michache ya bandari.

Kwa kuwa lita ilikuwa mpagazi mwaminifu, kila aliyekuwa na mzigo alimtwika. Tulipotaka kupeleka umeme vijijini, tuliweka tozo ya nishati juu ya lita. Tulipotaka maji, tuliuwekea Mfuko wa Maji fungu juu ya lita. Mwaka 2017 tuliifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, na badala yake tukaongeza ushuru wa shilingi 40 kwa lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mwaka 2021 tukaongeza shilingi 100 kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini zinazosimamiwa na TARURA. Mwaka 2023 tukaongeza shilingi 100 nyingine kwa ajili ya miradi ya kimkakati.

Sizitaji nyongeza hizo ili kuzilaumu. Makusudio ya kila moja yalikuwa mema, na matunda yake tunayaona. Lakini hatuna budi kukiri kwamba tumepanga mizigo yetu yote kwenye bega moja. Na uamuzi wa mwaka 2017 una athari ambayo wengi hawajaitafakari. Ada ya mwaka ilipofutwa, gari lisilotumia mafuta lilibaki bila malipo yoyote ya kila mwaka kwa barabara. Halilipi kwenye pampu kwa sababu halifiki kwenye pampu. Na halilipi ada kwa sababu ada haipo.

NISHATI SAFI NI MANUFAA YETU

Nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa nishati safi. Taifa linaloagiza kila tone la petroli hulipa kwa fedha za kigeni, na bei hupangwa na vita na ugomvi wa watu wengine walio mbali. Leo tunalo bwawa la kuzalisha umeme la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Tunayo gesi asilia ya Songo Songo na Mtwara. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinatembea kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na reli hiyo ya kisasa inajengwa kuja huku magharibi. Tabora itakuwa tena kama ilivyokuwa zama za misafara na zama za reli ya kwanza: njia panda, ambapo mmoja ataelekea Kigoma na mwenzake ataelekea Isaka na Mwanza. Kujiendesha kwa nishati ya mito yetu na gesi yetu ni kujitegemea kwa vitendo.

Lakini treni haifiki mlangoni kwa mkulima. Tumbaku ya Kaliua na Urambo, asali ya Sikonge, mpunga wa Igunga na Nzega, vyote vinahitaji barabara ya kuvifikisha stesheni. Reli ikiwa na nguvu zaidi, barabara ndogo zinazoilisha zitahitajika zaidi, kama vile mto mkubwa usivyokuwa na maana bila vijito. Na barabara hizo ni nyingi mno. TANROADS inasimamia karibu kilomita 37,000. TARURA inasimamia zaidi ya kilomita 144,000. Matairi ya gari la umeme hukanyaga barabara sawasawa na matairi ya gari la petroli. Tena gari la umeme kwa kawaida ni zito zaidi kuliko mwenzake wa ukubwa ule ule, kwa sababu ya betri.

NANI ATABAKI ANALIPA?

Hapa ndipo ninapoomba usikivu wenu zaidi, Ndugu Walimu, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena mahesabu bali haki.

Mtu gani huwa wa kwanza kununua gari jipya la umeme? Ni mwenye uwezo, mwenye nyumba ya uzio na mahali pa kuchajia. Mtu gani atakuwa wa mwisho kuachana na petroli? Ni mkulima mwenye pikipiki kuukuu, ni mwenye lori la mtumba lililokwisha kuuzwa mara tatu, ni mwalimu anayekwenda shule ya kijijini kilomita 20 kutoka mahali anapolala. Chukua mwendesha bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku. Ile nyongeza ya mwaka 2021 peke yake, yaani shilingi 100 kwa lita, inamfanya achangie shilingi 300 kwa siku. Akifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ametoa shilingi 90,000. Tajiri mwenye gari la umeme lenye uzito wa tani mbili ametoa nini kwa mfuko ule ule? Hakutoa hata senti.

Lita zikipungua, kishawishi cha kwanza cha mtunga bajeti kitakuwa kuongeza tozo juu ya lita zilizobaki. Jirani zetu wa Kenya walipandisha tozo yao ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 za Kenya kwa lita mwaka 2024. Lakini kila tozo inapopanda, mwenye uwezo hupata sababu zaidi ya kuhamia kwenye umeme. Lita huzidi kupungua. Tozo hupanda tena. Mwisho wa mzunguko huo ni kwamba masikini aliyebaki nyuma ndiye atakayewatengenezea barabara waliotangulia. Huo utakuwa unyonyaji, hata kama haukukusudiwa na mtu yeyote.

Na fedha zikipungua, barabara ipi itaachwa kwanza? Ninyi mnajua. Haitaachwa barabara kuu inayopita wageni na malori ya nchi jirani. Itaachwa ile ya udongo inayokata mbuga kwenda kijijini. Mvua ikinyesha, mwalimu atavua viatu na kusukuma pikipiki kwenye tope, na mama mjamzito atabebwa kwenye kitanda hadi mahali gari linapofika. Mkumbuke hilo mnaposikia watu wakisema kwamba fedha za barabara ni mambo ya mainjinia.

NJIA ZISIZOFAA

Wapo wanaosema: basi tuhamishe tozo kutoka kwenye lita tuiweke kwenye uniti ya umeme. Wazo hili ni jepesi, nalo ni kosa. Uniti ya umeme haijui inakokwenda. Ile inayochaji gari ndiyo inayowasha taa ya mwanafunzi, inayosaga mahindi na inayopoza chanjo katika zahanati. Tukiitoza yote, ajuza asiye na baiskeli atalipia barabara ya mwenye gari. Tulikwisha kuionja dhuluma ndogo ya namna hiyo mwaka 2017, tulipoongeza ushuru juu ya mafuta ya taa ili kufidia ada ya magari. Zaidi ya hayo, mwenye paneli za jua juu ya paa lake atachaji bila kupita kwenye mita ya mtu yeyote.

Gesi ni jambo jingine, kwa kuwa gesi ya magari huuzwa katika vituo vyake na inaweza kupimwa. Juni 2024 serikali ilipendekeza bungeni tozo ya shilingi 382 kwa kilo ya gesi asilia inayotumika kwenye magari. Pendekezo lile lilizusha mjadala mkali. Waliolipinga walisema kwamba mwananchi ndiyo kwanza amekopa fedha za kubadilisha mfumo wa gari lake, na leo anafuatwa na tozo. Wanayo hoja. Lakini kanuni yenyewe, kwamba anayetumia barabara aichangie bila kujali anachoma nini, ilikuwa sahihi. Lililogombwa hasa lilikuwa wakati na namna ya kuwaeleza watu. Mnywa Sere angetuambia kwamba kodi isiyoafikiwa hugharimu kuliko inavyoingiza.

NJIA ZINAZOFAA

Yafaa basi tujiulize tufanye nini. Wenzetu duniani wamekwisha kuanza. Nyuzilandi, ambayo tangu mwaka 1978 hutoza magari ya dizeli kwa umbali, iliingiza magari madogo ya umeme katika utaratibu huo Aprili 1, 2024, kwa dola 76 za nchi hiyo kwa kila kilomita 1,000. Iceland nayo ilianza kuyatoza magari ya umeme kwa kilomita mwaka 2024. Uingereza iliyarudisha magari ya umeme katika ada ya mwaka kuanzia Aprili 2025. Ethiopia, iliyopiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli, italazimika kulijibu swali hili mapema kuliko sisi. Hatuna haja ya kunakili, lakini hatuna sababu ya kujifanya hatuoni.

Kwanza, napendekeza tuirudishe ada ya mwaka kwa magari yasiyotumia petroli wala dizeli, ikipangwa kwa uzito wa gari. Malalamiko juu ya ada ya zamani yalikuwa ya haki: ilidaiwa hata kwa gari lililolala juu ya mawe. Kwa hiyo mwenye gari bovu apewe nafasi ya kulitolea taarifa, asidaiwe. Pikipiki na bajaji za umeme zisamehewe kwa miaka ya mwanzo, kwa sababu ni vyombo vyepesi na ni riziki ya vijana.

Pili, magari mazito yalipe kwa umbali na uzito, yawe ya dizeli, ya gesi au ya umeme. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara kwa barabara hayaongezeki sawa na mzigo. Mzigo juu ya ekseli ukiongezeka mara mbili, madhara huongezeka kiasi cha mara 16. Kwa hiyo anayeila barabara hasa ni lori, wala si gari dogo la daktari au pikipiki ya karani. Nyenzo za kazi hii tunazo tayari. Mizani ipo katika barabara kuu, na sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56. Magari ya nchi za nje yanayopita kwetu hutozwa kwa umbali. Kinachowezekana kwa lori la mgeni hakishindikani kwa lori la mwenyeji.

Tatu, tarehe itangazwe mapema. Mtu anayenunua gari la umeme leo ajue kwamba baada ya miaka kadhaa iliyotajwa atachangia kiasi kilichotajwa. Atafanya hesabu zake na bado ataona faida, maana nishati yake ni rahisi. Kodi inayojulikana humsumbua mtu kidogo. Kodi ya kushtukiza ndiyo inayomfanya aone amedanganywa.

Nne, fedha hizo ziingie katika Mfuko wa Barabara zisipotee njiani, na mgawo wa barabara za vijijini ulindwe kwa sheria. Mahesabu yabandikwe hadharani mpaka ofisi ya kata. Hongo ya kale ilikuwa na kasoro kubwa: iliishia katika ghala la mtawala, haikurudi kuitengeneza njia. Tusiirithi kasoro hiyo.

"BADO MAPEMA"

Nasikia mtu akisema moyoni: magari hayo ni machache mno, kwa nini tuhangaike sasa? Namjibu hivi. Wale waliobeba mizigo mwaka 1905, reli ilipoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam, nao waliona treni iko mbali. Miaka saba baadaye ilikuwa ikipiga honi hapa Tabora. Sheria hujadiliwa polepole, mitambo ya kukusanya hujengwa polepole, na wananchi huelimishwa polepole zaidi. Isitoshe, ni rahisi kuweka utaratibu wakati wanaoguswa ni wachache na wana uwezo. Tukingoja mpaka kila bodaboda iwe ya umeme, tutakuwa tunamnyang'anya mnyonge kitu alichokwisha kukizoea.

Katika kazi hiyo ninyi mnayo sehemu kubwa. Mtumishi wa halmashauri ndiye anayejua ni kilomita ngapi zimepata greda mwaka huu na ngapi zimekosa. Aziandike na kuzisema. Mwalimu ndiye anayeweza kumwonyesha mwanafunzi, kwa hesabu ya kawaida ubaoni, lita moja inalipia nini na nini kitakosa malipo lita hiyo isipokuwepo. Raia anayejua kodi yake inakwenda wapi huilipa kwa moyo, na huidai barabara yake kwa sauti.

Ndugu Wananchi, katika mji huu mwezi Januari 1958 TANU ilifanya mkutano uliozaa ule tunaouita Uamuzi wa Busara. Wajumbe walikubali masharti machungu ya kura kwa sababu waliona mbele kuliko hasira ya siku ile. Suala la tozo ya barabara ni dogo likilinganishwa na Uhuru, lakini tabia inayohitajika ni ile ile: kukubali jambo lisilopendeza leo ili tusifikwe na baya zaidi kesho, na kulipanga kwa namna ambayo mzigo hautamwangukia asiye na nguvu.

Mpagazi wa zamani alipochoka aliutua mzigo chini ya mwembe, na mwenzake akaupokea. Lita ya mafuta imetubebea mizigo mingi kwa miaka mingi. Inaanza kuchoka. Tumwandae wa kuupokea mzigo huo kabla haujaanguka njiani.